Stelingi Aliyegeuka Mlango

Simpendi mtu anayekufa huku akitabasamu. Nimewadharau watu wa namna hiyo tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na wa kwanza wao hakuwa hata mtu, alikuwa katuni. Niliyakumbuka hayo mwezi uliopita, nikiwa nimekaa kwenye mkeka sebuleni kwa Mama Mkubwa, ghorofa ya tatu, Mchafukoge, siku ya kumuaga binti yake, Dada Manka, kabla hajasafirishwa kwenda kuzikwa Moshi. Msemaji wa familia, binamu fulani mwenye suti inayombana kwapani na sauti ya mnadani, alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Marehemu alijitoa. Alijitoa kwa mama yake, alijitoa kwa kaka zake, alijitoa kwa kanisa, alijitoa kwa duka. Kila alipolitamka neno hilo kina mama waliguna kwa kuridhika, kama wanaoonja mchuzi ukawakolea. Kaka zake watatu, waliokaa mbele kwenye viti vya kukodi, waliinamisha vichwa kwa unyenyekevu wa watu wasioulizwa kitu. Kufa kufaana. Nilimtazama yule binamu nikajisemea kwamba mwisho huu nimeshauona. Niliusoma mwenyewe, mstari kwa mstari, katika chumba kilicho chini ya sebule ile ile, na hata siku hiyo haukunifurahisha.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri kwenda chuo cha ualimu. Nilikuja kukaa kwa Mama Mkubwa nimsaidie dukani. Alikuwa na duka la vyombo vya plastiki Kariakoo: ndoo, mabeseni, majagi, vibao vya kukalia vya watoto, vyote vimetundikwa juu mpaka mteja anaongea na sauti huku sura ya muuzaji haioni. Muuzaji mwenyewe alikuwa Dada Manka, miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye kicheko kinachosikika mpaka duka la nne. Mteja akilalamika kwamba ndoo ni ghali, anamjibu, "Basi chotea maji kiganjani, mama, hicho Mungu katoa bure." Mteja anacheka, anatoa hela. Dukani hakuna aliyemweza. Lakini mtu huyo huyo akipanda ngazi na kuingia nyumbani, anabadilika. Anapakua chakula cha wote, nyama nzuri anampa mama, ya pili ananipa mimi, ya tatu anamwekea mgeni ambaye hata hajabisha hodi, kisha yeye anakula wa mwisho, amesimama jikoni, akikwangua ukoko kwenye sufuria. Ukimwambia njoo ukae mezani anasema yeye anapenda ukoko. Nilimwamini kwa wiki mbili hivi. Baadaye nikamwona kwenye harusi ya jirani, mahali ambapo mtu mwingine ndiye anayepakua, na nikaona jinsi alivyokula mnofu. Ukoko hakuupenda hata kidogo.

Na alikuwa na mchumba. Naliweka hili mapema kwa sababu kwenye wasifu hawakulitaja kabisa. Aliitwa Shedrack, muuza vipuri vya pikipiki kutoka Mbeya, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, ambaye kila akija Dar kuchukua mzigo alipita kwetu. Siku ya kwanza nilipomwona alikuwa amelala chali chini ya sinki la jikoni, anakaza bomba lililokuwa likivuja miaka nenda rudi huku kaka watatu wenye nyumba zao wakilipita. Dada Manka alikuwa amesimama juu yake na tochi, anacheka. Barua ya posa ilishapelekwa, mahari ilishazungumzwa, ndoa ilipangwa Januari. Alikuwa ameshaanza kupunguza vitu vyake kabatini, na gauni moja la mikono mifupi alikuwa ameshanipa, akisema Mbeya ni baridi.

Chini yetu, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mwenye nyumba, alifanyia kazi Mzee Maulidi, mtafsiri wa sinema. Waliozaliwa juzi wanaangalia anime kwenye simu na kujiona wajuzi. Hawajui kwamba palikuwa na wakati katuni ya Kijapani haikufika Mbagala bila kupita kwanza kooni mwa mtu kama Mzee Maulidi. Picha inatembea kwenye televisheni, na yeye peke yake, kwa sauti moja, anawasemea wote: stelingi ambaye ndiye shujaa, adui, bibi yake stelingi, mpaka farasi. Kijapani alikuwa hakijui, na Kiingereza cha maandishi ya chini kilimkimbia kabla hajafika nusu ya mstari, kwa hiyo sehemu kubwa alikuwa anatunga. Aliposikia kwamba juu kuna binti wa kidato cha sita, alipanda ngazi amevaa kanzu na kofia, akaniomba kwa Mama Mkubwa kwa heshima zote, utadhani kaja kuposa.

"Shikamoo, mjomba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kiingereza wewe unakisoma kwa macho tu, au mpaka unyooshee kidole?"

"Kwa macho."

"Basi umepata kazi. Mchaga aliyekaa bure ni hasara kwa taifa."

Tulirekodi Jumapili mchana, maana ndiyo siku mikokoteni inapumzika mtaani. Kutani alikuwa ametundika magodoro ya kuzuia kelele, lakini adhana ya msikiti wa jirani ilipenya, na yeye hakukubali kuifuta. Ukizisikiliza vizuri diski zake za mwaka ule utasikia alasiri inaingia katikati ya vita. Mimi nilikaa kulia kwake, namnong'oneza maana, na yeye anaachia. Dada Manka, akitoka kanisani na akishampakulia mama, alishuka na hotipoti la ndizi nyama na kukaa kwenye kapeti, miguu ameinyoosha, viatu pembeni. Ndiyo ilikuwa starehe yake pekee ya wiki ambayo haikuwa na mtu wa kupakuliwa, ingawa na hapo pia alitupakulia.

Katuni yenyewe ilihusu mji uliojengwa kando ya ufa mkubwa. Kwenye ufa hutoka moshi, na moshi ukimpata mtu anakauka kama dagaa. Stelingi ni kijana mwasha taa, yatima, ambaye moshi haumdhuru. Jina lake la Kijapani nimelisahau, kwa sababu Mzee Maulidi alimbatiza Chande siku ya kwanza na hakuna aliyemwita vinginevyo tena. Kwenye maandishi niliyokuwa nasoma mimi, kijana huyo alikuwa mpole wa kuchosha, anaomba radhi mpaka kwa adui anayempiga. Kwa Mzee Maulidi akawa mtoto wa mtaa wa Gerezani: anadai chenji yake, anamsuta adui kwa mafumbo, akialikwa kula anaomba aongezewe. Watu walimpenda kupita kiasi. Vibanda umiza vya Mchikichini, yale mabanda ya video ya kulipia, vilijaa wauza mitumba kila diski mpya ilipotoka. Wakati mwingine nilimwambia Mzee Maulidi kwamba maneno hayo Chande hakuyasema, naye akanijibu kwamba angeyasema kama angelelewa vizuri. Katikati ya hadithi, rafiki yake Chande, msichana mwenye upinde, anafumbua maandishi ya kale kwenye jiwe. Yanasema ufa unaweza kuzibwa bila mtu kufa: kila mkazi wa mji atoe tone moja la damu, basi, jiwe litashika. Nilipomnong'oneza hayo Mzee Maulidi, Dada Manka alipiga kofi kapeti. "Tone moja tu! Si wangefanya leo leo?" Mimi pia nilitulia. Nilijua mwisho utakavyokuwa, na nilijua, kama anavyojua kila Mtanzania aliyewahi kulipia benchi la kibanda, kwamba stelingi hafi.

Mwezi wa saba Mama Mkubwa alianguka dukani, katikati ya mabeseni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, maneno yakabaki machache, mengine yanatoka yamepinda. Dada Manka akawa anaamka kabla ya jua kumwogesha, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko, kisha anashuka kufungua duka, mchana anapanda tena. Kaka zake walipiga simu. Lazima niwatendee haki, walipiga simu sana. Kaka Wilbard alipiga kutoka Arusha, Kaka Gaudence kutoka Mwanza, na Kaka Efrem alipiga kutoka Mbezi, ambako mtu mwenye gari, na yeye gari analo, anafika kwetu kabla simu haijaisha chaji. Wote walisema tuko pamoja. Sijui ni nani aliyewafundisha Watanzania kusema tuko pamoja wakiwa mbali, ila alitupatia njia rahisi mno ya kukwepa. Shedrack yeye alikuja. Alikaa kitandani kwa Mama Mkubwa, akamshika ule mkono uliokufa, kisha akaja jikoni, nami nikiwa palepale naosha vyombo, akamwambia Dada Manka, "Mama anaweza kukaa na sisi Mbeya sehemu ya mwaka. Sehemu nyingine wakae naye wao. Lakini lazima uongee nao. Waulize tu."

"Nitaongea nao Desemba, wakija mjini kabla ya kwenda nyumbani," alisema.

"Utawauliza?"

"Nimesema nitaongea nao, Shedrack."

Sehemu ya mwisho ya katuni ilifika Novemba. Ninaikumbuka vizuri ile Jumapili: feni inazunguka polepole, sufuria ya makande kwenye kapeti kwa sababu ndizi zilipanda bei, Dada Manka amejikunyata na mto kifuani. Msichana mwenye upinde anakwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kesho asubuhi waje uwanjani, kila mmoja na tone lake. Wengine wanamfungulia, wengine wanamfungia. Hatujui watakaokuja ni wangapi, na hiyo ndiyo hadithi niliyokuwa naifuata mwaka mzima: je, watakuja? Lakini waandishi wa katuni ile hawakutaka kutuonyesha. Alfajiri, kabla mtu hajaamka, Chande anazima taa zake moja moja, anatembea peke yake mpaka kwenye ufa, anageuka kuutazama mji, anatabasamu, halafu anaanza kuwa jiwe kuanzia miguuni.

"Anasema nini?" Mzee Maulidi akaniuliza. Alikuwa ameacha kurekodi.

"Anasema asiamshwe mtu."

"Kwa nini?"

"Anasema wamechoka. Wana kazi kesho."

"Muongo wewe."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mjomba."

Akawa mlango. Mlango wa jiwe wenye sura ya kijana anayetabasamu, umeziba ufa. Kisha wakaruka miaka, kukawa na sherehe, watoto wanakimbia na vibendera, watu wamenenepa, na kila anayepita anaweka chungwa miguuni pake. Machungwa! Kwa kiumbe wa jiwe! Msichana mwenye upinde ameshaolewa na mtu mwingine, analia kidogo, anafuta, anaondoka na mtoto mgongoni. Muziki. Nilihisi nimeibiwa. Yaani tumekaa mwaka mzima kumbe tunaongozwa kwenye ujinga huu, na wameupamba kwa muziki wa filimbi ili tusiuone. Nilipogeuka, Dada Manka alikuwa analia, na hayakuwa machozi ya uchungu. Uso wake ulikuwa umeng'aa kama wa mtu aliyetoka kubarikiwa.

"Huyo ndiye mtu," alisema.

"Huyo ni mjinga," nikasema mimi. "Mji mzima una damu. Tone moja moja, Dada. Na hakuwauliza."

"Angewauliza wangekataa."

"Hujui. Hata yeye hajui. Kuuliza si ujinga."

Alifuta macho kwa ncha ya khanga, akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayeng'ang'ania jambo asilolijua. "Ndiyo maana hakuuliza, Aika. Ukishauliza, halafu wakakataa, utaishi nao vipi?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani tunabishana habari ya katuni. Mzee Maulidi alikuwa ameshika kichwa. Alisema mteja wake hawezi kula mwisho kama huo, ni chakula kibichi, akauanza upya kwa namna yake. Dada Manka alimwomba kabisa, alimwita mzee wangu, akamwambia, "Mwache afe hivyo hivyo, ndiyo uzuri wake." Mzee Maulidi akamjibu kwamba kwa heshima yake atamwacha afe, lakini hatamwacha afe kimya. Kwenye diski iliyotoka, Chande anasimama mbele ya ufa na kusema kwa koo la Mzee Maulidi: "Enyi watu wa mji huu, mimi naingia humu kwa sababu nyinyi mmelala. Mkiamka mkanywe chai zenu, lakini mjue mmenila mzima mzima." Ni maneno bora kuliko yote yaliyomo kwenye katuni ile, na nilimsaidia kuyatafuta. Sijayajutia.

Kibandani Mchikichini hayakusaidia. Maneno ni maneno, na macho yanaona jiwe. Niliambatana na Mzee Maulidi siku ya kwanza ya kuionyesha, na nilipenda hasira ya watu wale kuliko nilivyopenda sherehe yoyote mwaka ule. Walisimama wote. Walitaka sehemu ya pili. Mzee Maulidi aliwaambia hakuna sehemu ya pili, wakamwambia asiwatanie, stelingi hafi, atalipasua lile jiwe tu. Jamaa mmoja, muuza viatu vya mitumba, alirusha kiatu kwenye skrini, kisha akaenda kukiokota kwa haraka, maana cha kulia bila cha kushoto hakiuziki. "Anajifanya nani huyu?" alikuwa anauliza, kiatu mkononi. "Watu wanaamka wanakuta kafa. Nani kamtuma?" Hakuna mhakiki aliyewahi kuisema kasoro ya hadithi ile vizuri zaidi. Dada Manka aliipata diski kutoka kwa machinga pale dukani, akaiangalia, akaja chumbani kwangu kuirusha kitandani. "Mmemharibu," alisema. Siku kadhaa hakunisemesha zaidi ya salamu. Ndiyo mara pekee tuliyowahi kugombana, na tuligombana juu ya mwasha taa wa kuchorwa.

Desemba ikaja. Kila mwenye asili ya Kilimanjaro anajua Desemba ilivyo: mji unatoka, Kariakoo inapumua, magari yanajaa kreti za soda na mabegi, watu wanarudi nyumbani kula Krismasi. Mwaka ule Mama Mkubwa hakuweza kusafiri, kwa hiyo Kaka Gaudence na Kaka Wilbard, waliokuwa wameshuka mjini kununua vitu vya sikukuu, wakakutana na Kaka Efrem kwetu ili kikao kifanyike kabla ya safari. Nasema kabla ya safari kwa sababu magari yalikuwa yamesimama chini yameshapakiwa, na wake zao walikuwa wamebaki humo ndani. Dada Manka alikuwa amepika machalari ya ndizi na nyama tangu alfajiri. Kaka Wilbard alisema tule kwanza, mambo mazito hayaongelewi na tumbo tupu. Wakala. Sijawahi kuona watu wenye mambo mazito wakila vizuri namna ile. Efrem aliongeza mara mbili, akafyonza mfupa mpaka ukalia, akasifu mapishi. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake dirishani, ameegemezwa mito, anawatazama wanawe mmoja mmoja.

Kisha Kaka Wilbard akajifuta mdomo na kusema, "Haya. Mama." Akanyamaza. Kaka Gaudence akatazama dari. Kaka Efrem akawa anatafuta kitu kwenye meno. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia mkononi, namtazama Dada Manka, namwomba kimoyomoyo: uliza. Sema tu, nani atakaa naye lini. Shedrack alikuwa amepiga simu asubuhi ile. Nilimsikia Dada akimwambia ndiyo, leo. Ukimya wenyewe haukuwa mrefu. Mtu angeweza kunywa maji nusu glasi. Dada Manka alisimama, akakusanya sahani mbili zilizokuwa karibu yake, akasema, "Mama atabaki na mimi. Nyinyi mna familia zenu. Msihangaike." Na akatabasamu. Nilitambua ile sura mara moja. Gaudence alisema Mungu akubariki dada, haraka, kama mtu anayefunga mlango wa gari. Wilbard aliomba sala. Sala ilikuwa ndefu kuliko kikao. Nilimfuata Dada jikoni.

"Na Shedrack?"

"Nitampigia."

"Kwa nini hukuwauliza?"

"Hukuziona nyuso zao?"

"Niliziona. Zilikuwa zimeshiba."

Alifungua bomba, lile lililokuwa halivuji tena, akaanza kuosha vyombo. Shedrack alimsubiri mpaka Pasaka, akasubiri na baada ya Pasaka, kisha akaoa kwao, na kwa haki kabisa. Mimi nilikwenda chuo. Yaliyofuata ni marefu na hayana hadithi: Dada Manka aliamka kabla ya jua, aliogesha, aligeuza, alilisha, alifungua duka, alifunga duka. Kicheko chake kilipungua mpaka duka la pili, kisha kikabaki ndani ya duka. Kila Desemba kaka zake walipita na magari yao yaliyopakiwa, wakamwekea kitenge magotini, wakamwita nguzo ya familia, wakala, wakaondoka. Punda afe, mzigo ufike. Nilipojaribu kumwambia alisema nina roho ya chuki, na labda ninayo. Presha ndiyo iliyomuua, dukani, akiwa anashusha beseni kwa ajili ya mteja. Mama Mkubwa, ambaye uhai wote ule ulitolewa kwa ajili yake, bado yupo. Anakula vizuri. Siku ya msiba alikuwa kwenye kiti chake dirishani, na kila mtu mpya alipoingia aliuliza kwa maneno yake yaliyopinda Manka yuko wapi, na kila mara ilibidi mtu amwambie.

Wageni walipopungua jioni ile, ndugu walibaki sebuleni kupanga safari ya Moshi. Msichana mmoja akapita akimimina chai. Kaka Wilbard, ambaye sasa ana mvi na tumbo, alikohoa na kusema kwamba kabla ya safari kuna suala moja la mama, maana mama hawezi kuachwa peke yake. Hakuendelea. Mke wa Gaudence akasema kwa sauti ya upole kwamba Aika yuko Temeke hapo, ni mwalimu, hana mume, hana majukumu makubwa. Macho yote yakaja kwangu yakatulia. Na hapo ndipo nikausikia ukimya ule kwa mara ya kwanza kutoka ndani yake. Zamani niliusikia nikiwa mlangoni na sinia, na nikamdharau aliyeshindwa kuustahimili. Nawaambia ni mzito. Mama Mkubwa alikuwa ananitazama, na nampenda, aliniweka nyumbani kwake nikiwa sina kitu. Maneno yalinipanda yenyewe: atakaa na mimi, msihangaike. Yalifika mdomoni. Nilijua nikiyatoa wote watapumua, watanibariki, nitakuwa mtu mzuri kuliko wote chumbani kwa muda wa dakika nzima. Nikauma meno. Nikamtazama Kaka Wilbard, naye akanitazama. Gaudence akatazama dari. Efrem akachungulia simu yake, akairudisha mfukoni. Jokofu likaunguruma. Hakuna aliyesema kitu, na mimi sikusema kitu.

"Basi," Kaka Wilbard akasema, "ataanza na mimi, Arusha. Nyumba ni kubwa."

"Baada ya Pasaka aje Mwanza," akasema Gaudence.

"Mimi nitafuata," akasema Efrem. "Hakuna shida."

Nami nikasema likizo zote za shule nitakaa naye mimi. Wilbard akaitikia kwa kichwa, wakaanza kuongea habari za basi la kukodi. Yalikuwa yamekwisha. Nikashika kikombe changu cha chai, kile nilichomiminiwa wakati Wilbard anakohoa, nikakipeleka mdomoni. Kilikuwa bado kinaunguza; ukimya ule haukutosha hata kuipoza chai. Ndipo nilipomlilia Dada Manka, kwa sauti, kwa hasira, mpaka kina mama wakaja kunishika mabega na kuniambia nijikaze.